Lifunikwe au Lifukiwe

MAELEZO YA SHAHIDI, yameandikwa katika kituo cha polisi, mjini Eldoret, Jumatatu tarehe 15 Septemba 1986, kuanzia saa tano asubuhi.

Jina: Elphas Wanyonyi
Umri: Miaka 47
Kazi: Karani wa kamati, baraza la mji
Makao: Huruma, Eldoret

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa na mtu, nimekuja mwenyewe kwa miguu. Nimekuja kwa sababu ya Nicanor Wafula, mtunza bustani ya mji, aliye korokoroni tangu Alhamisi kwa kifo cha Njambi. Nataka iandikwe kwamba Nicanor alifanya kazi jinsi alivyoandikiwa, na aliyemwandikia ni mimi.

Kazi yangu ni kukaa mwisho wa meza Kamati ya Bustani inapokutana na kuandika wanayoyaamua. Madiwani huzungumza Kiswahili, mimi huandika kumbukumbu kwa Kiingereza. Kisha kwa kila kazi iliyokubaliwa humpigia mfanyakazi karatasi ya kazi kwa Kiswahili, kwa taipureta, pamoja na nakala moja ya kaboni inayobaki kwenye faili langu. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na sita. Watu hunicheka kwamba nachambua maneno kama mtu anayetoa mawe kwenye maharagwe, na ni kweli.

Mwaka wa 1983 kamati ilipanga kujenga bwawa lenye bomba la kurusha maji juu, katikati ya bustani. Harambee ilifanywa, na wenye maduka wakachanga. Shimo likachimbwa, upana futi kumi na mbili, kina futi kumi. Pampu haikuletwa kamwe. Shimo lilikaa miaka mitatu likijaa maji ya mvua.

Mnamo Jumanne tarehe 2 Septemba 1986, saa nane mchana, kamati ilikutana kwa sababu tulikuwa tumearifiwa kwamba mgeni mkubwa kutoka Nairobi angesimama kwenye bustani Ijumaa tarehe 12. Fungu la fedha za kujaza lile shimo lilikuwepo, lori kumi na nne za udongo wa murram. Mwenyekiti, Diwani Kinyanjui, alitaka fungu hilo lihamishwe lijenge geti jipya, lipake rangi na kukodi maua kwa mkulima mmoja wa Kaptagat. Maua yangekuja yakiwa kwenye mikebe, yafukiwe na mikebe yake, na mgeni akiondoka yarudishwe kwa mwenyewe.

Mama Waithira, ambaye ndiye diwani wa pekee mwanamke katika kamati, aliuliza, "Na hiyo shimo?"

Mwenyekiti akasema, "Mgeni hakuji kuangalia chini ya nyasi, Mama. Ataangalia geti. Tuweke mabati, tuweke nyasi juu."

"Na watu wakipita hapo?"

"Tutafunga kamba."

Mama Waithira akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Hiyo ni ya wagonjwa, Mama. Hapa hakuna mgonjwa."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka.

Ndipo nikauliza, "Mheshimiwa, niandike lifukiwe ama lifunikwe?"

Akasema, "Karani, hizo si kitu moja? Kila siku unatupima Kiswahili."

Nilimweleza kwamba kufukia ni kujaza udongo mpaka shimo lisiwepo, na kufunika ni kuweka kifuniko, shimo likabaki chini yake. Akasema, "Basi funika. Kufukia ni lori kumi na nne." Mikono minne iliinuliwa. Wa Mama Waithira haukuinuliwa.

Mnamo Jumatano tarehe 3 Septemba, saa mbili na nusu asubuhi, nilimpa Nicanor karatasi ya kazi. Ilisema, "Shimo lililo katikati ya bustani lifunikwe kabla ya tarehe 10." Nicanor husoma polepole, kidole kikifuata maneno. Alipomaliza aliniuliza, "Karani, ni kufunika kweli? Hii shimo iko na maji."

Nilimjibu, "Soma vile imeandikwa."

Jibu hilo limenikaa kooni tangu Alhamisi. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno lingine, na neno nilikuwa nalijua.

Nicanor alifanya kazi yake vizuri mno. Aliweka nguzo za mikaratusi, mabati juu yake, kisha vipande vya nyasi alivyovikata na udongo wake upande wa nyuma wa bustani. Alivimwagilia maji asubuhi na jioni. Ilipofika Jumatano tarehe 10 mimi mwenyewe, niliyelijua shimo miaka mitatu, sikuweza kusema lilianzia wapi. Kilichoonyesha ni kamba ya mkonge aliyoifunga kwenye vigingi vinne, na kitambaa chekundu.

Alhamisi tarehe 11 Septemba, saa tatu na nusu asubuhi, kikundi cha akina mama kilifika kufanya mazoezi ya kumwimbia mgeni. Kiongozi wao alikuwa Njambi, mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa karibu na soko. Nilimfahamu. Kila aliponiona aliniuliza, "Karani, mbona kalamu yako inanenepa na wewe unakonda?" Aliniuliza hivyo asubuhi hiyo pia.

Mwenyekiti alikuja na mpiga picha saa nne kasorobo. Alitazama kamba, akaniambia, "Hiyo kamba inaharibu picha. Ambia huyo mtu wako aitoe."

Agizo hili haliko kwenye karatasi yoyote. Lilipita mdomoni mwangu tu. Nilimwendea Nicanor nikamwambia aondoe kamba.

Nicanor akasema, "Karani, hiyo kamba ndiyo inafunika. Mabati ni mabati tu."

Nikamwambia, "Mwenyekiti amesema."

Akaiondoa. Kisha akasimama ukingoni, mikono ameinyoosha, kama mtu anayezuia kuku wasiingie kwenye mahindi yaliyoanikwa. Hakukaa hapo muda mrefu, kwa kuwa mwenyekiti alimwita akabebe viti. Alipokuwa akienda alinitazama mimi. Nilielewa kwamba ananiachia zamu. Mimi nilifungua faili nikaanza kuhesabu majina ya wageni.

Saa nne na dakika kumi akina mama walikuwa wakicheza. Mpiga picha aliwaambia warudi nyuma kidogo ili geti lionekane. Wakarudi wakiimba, wakikanyaga chini kwa mguu mmoja kama wimbo unavyotaka. Nilisikia mabati. Nyasi zikaingia ndani pamoja na wanawake wanne. Watatu walishika nguzo wakavutwa. Njambi alikuwa chini yao, na mabati juu yake. Nicanor aliangusha viti akaruka ndani ya maji na nguo zake. Ndiye aliyemtoa Njambi, peke yake, na tayari Njambi alikuwa amekata roho. Mimi nilikuwa nimesimama na faili mkononi. Nasema hivyo kwa sababu ni aibu, na aibu hii ni yangu.

Siku hiyo hiyo saa kumi alasiri, polisi wakiwa wameshamchukua Nicanor, mwenyekiti aliniita ofisini kwake. Alisema kulikuwa na kosa la taipu kwenye karatasi ya kazi. Alitaka nyingine, yenye tarehe ile ile ya 3, iseme lifukiwe. Karatasi ya Nicanor ilikuwa mfukoni mwake aliporuka, ikayeyuka majini.

Niliipiga. Ni kazi ndogo. Unatoa n, kisha i na k zinabadilishana mahali. Karatasi hiyo ndiyo mliyoletewa hapa kituoni, na kwa hiyo karatasi Nicanor anaonekana mtu aliyeambiwa ajaze udongo, akaona uvivu, akaweka mabati.

Ijumaa tarehe 12, saa nane na dakika arobaini, magari ya mgeni yalipita. Hayakusimama. Niliona mkono ukipunga ndani ya kioo. Jumamosi mkulima wa Kaptagat alikuja na pikapu akang'oa mikebe yake ya maua. Shimo bado liko wazi.

Jana Jumapili, baada ya kanisa, nilikwenda kwa Tryphosa, mke wa Nicanor. Alikuwa ameruhusiwa kumpelekea mumewe chakula. Aliniambia kwamba Nicanor anaulizwa kila siku ni nani aliyemwambia aondoe kamba, naye amekataa kumtaja.

Nilimwuliza kwa nini.

Tryphosa akasema, "Anasema huyo mtu ako na watoto."

Mimi nina watoto watano. Nicanor ana saba. Usiku sikulala.

Mwenyekiti aliulizia karatasi ya kwanza, lakini hakuulizia nakala ya kaboni, kwa sababu madiwani hawajawahi kuona faili langu. Nimekuja nayo leo. Ni ya rangi ya buluu, ina tarehe 3 Septemba, na inasema lifunikwe. Hakuna nyingine. Naitoa kwa polisi ili Nicanor aachiliwe, na ikiwa lazima mtu akae mahali pake, mimi nipo.

Nimesomewa yote kwa lugha ninayoielewa, na nimeomba neno moja lirekebishwe. Hayo ndiyo niliyoyasikia, niliyoyaandika na niliyoyanyamazia.

Sahihi: E. Wanyonyi

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami, Koplo Zachariah Kirwa. Shahidi ametia sahihi kwa hiari yake. Nakala ya kaboni, ukurasa mmoja, imepokelewa saa sita na robo mchana, na kwa maagizo imepelekwa kwa mkono kwa mwenyekiti wa kamati ili athibitishe kama imetoka katika ofisi yake. Hadi saa kumi na moja jioni nakala haijarudishwa. Shahidi aliambiwa asubiri. Bado yuko kwenye benchi.