Nilimtoa Samaki Mkorofi, Sasa Binti Hanisemeshi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni kinyozi, nina miaka arobaini na moja, na mwaka jana nilioa mama mwenye binti wa miaka kumi na miwili, nami nikahamia kwao, na huyo binti tangu siku ya kwanza aliniita anko na kunijibu kwa adabu lakini kwa mkato, mpaka jioni moja nilipomkuta mbele ya tangi lake la kioo la samaki nikamuuliza wale wadogo wenye mstari mwekundu mbona wanaongozana kama watoto wa chekechea, akacheka, na kuanzia hapo kila nikirudi ananisimulia habari za samaki wake, nani kala, nani kanuna, na mimi, nikuambie ukweli, nikawa nafunga saluni mapema ili niwahi.

Sasa alipokwenda kwa bibi yake siku tatu akaniachia kazi ya kuwalisha, na nikaona yule mkubwa wa kijivu amekuwa mkorofi ghafla, kajitwalia kona nzima yenye jiwe bapa, yeyote akisogea anamtimua mpaka upande wa pili, hata kambare wadogo wanaookota makombo chini hawana raha, nikasema huyu ataua wenzake, nikampiga picha ya ushahidi, nikamvua, nikampelekea kinyozi mwenzangu mwenye tangi lake. Binti aliporudi nikamwonyesha picha huku nimevimba kichwa. Akaikuza kwa vidole, akanionyesha vidoa juu ya jiwe. Mayai! Binti alikuwa ameyasubiri miezi minne, na sasa jiwe lilikuwa tupu. Akasema, "Anko, ulimuuliza nani?" Tangu hapo ni siku kumi na moja, ananipa salamu tu.

Nimenunua samaki wawili wakubwa wa dhahabu wa kumfidia, wako kwenye ndoo bafuni. Mke wangu anasema, "Mwache, atapoa." Mimi nataka amwamuru anisamehe. Je, niwatie tangini? Naumia, mshauri, kwa sababu ile nusu saa ya jioni ndiyo iliyonifanya nijione mtu wa nyumba ile.

Kinyozi Mwenye Ndoo

*

Anko, pole. Ila sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: umekosea, tena kwa kujiamini.

Samaki aliyetulia miezi yote akianza ghafla kung'ang'ania mahali pamoja, mtu huchungulia kwanza pale mahali. Yule alikuwa analea. Hata kufukuza kwake kulikuwa na mpaka, maana wewe mwenyewe umeandika kwamba aliwatimua waliosogea, hukuandika kwamba alimjeruhi hata mmoja. Ulipomwondoa, mwenziwe waliyetaga naye alibaki peke yake kuyalinda mayai dhidi ya tangi zima lenye njaa.

Hao wa kwenye ndoo warudishe dukani leo hii. Wale wadogo watakwisha mdomoni mwao kabla ya Jumapili, halafu uniandikie barua nyingine, na mimi nimechoka. Na amri ya mama yake sahau kabisa. Itakupatia salamu ndefu zaidi, basi. Mtoto alikukabidhi kitu chake, ukakiamulia kama chako, na hilo halitibiwi kwa kununua wala kwa kulazimisha.

Nenda kwa mwenzako umwombe yule wa kijivu. Usimtumbukize tu ukidhani atapokewa kwa vigelegele, kwani baada ya siku zote hizi mwenziwe anaweza kumwona mgeni na kumpiga. Watenganishwe kwa wavu wa plastiki siku kadhaa, waonane bila kufikiana, ndipo wavu utolewe. Lakini wavu huo usiufunge wewe. Gonga mlango wa binti, useme, "Nilikosea, sikukuuliza. Nimemrudisha. Nionyeshe pa kumweka." Usiongeze kwamba ulikuwa na nia njema. Anaijua, na haikumsaidia.

Akikupa kazi ya kushika taa, shika taa. Akinyamaza, nyamaza naye, tena ukae sakafuni utazame, maana wewe una haraka ya kuelewa kabla hujaona. Akikwambia utoke, toka bila kununa. Kesho yake, gonga tena.