Maneno Kumi na Tano

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Natumaini paja halikusumbui sana asubuhi, na kwamba gongo umekwisha kuliweka nyuma ya mlango. Mimi ni mzima wa mwili. Uchovu ninao, lakini si ule wa kulala ukaisha.

Ningekupigia simu. Lakini maneno ya simu hupita sikioni yakaenda zake, na haya nataka yabaki mezani kwako. Soma taratibu, mpaka mwisho.

Unajua kwamba tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikikaa katika chumba kidogo cha hospitali, chenye meza moja, viti viwili na saa ya ukutani, nikiwasomea wagonjwa maneno kumi na tano. Ndoo, pazia, daraja, kondoo, na mengine kumi na moja. Baada ya nusu saa humwuliza mgonjwa anayakumbuka mangapi, nikaandika hesabu. Walinichukua kwa sababu siburuti maneno, wala simwonei mtu huruma.

Pengine hukuelezwa vizuri utafiti wenyewe. Unawahusu watu waliovunjika paja na kuumia kichwa katika ajali moja, kama wewe. Bingwa wa mifupa, tunayemwita Nyundo, husema kwamba mfupa haungoji, uungwe siku ile ile. Bingwa wa ubongo humjibu kwamba ubongo uliovimba haukurupushwi, na mfupa utangoja kama mgeni mwenye adabu. Wamebishana miaka, mpaka wakakubaliana kuwagawa wagonjwa kwa kura ya bahati: nusu waungwe mapema, nusu wangoje, kisha wapimwe na mtu asiyejua nani alifanyiwa nini. Mtu huyo ndiye mimi. Sioni jina, naona namba tu.

Kazi ina vichekesho vyake. Mama mmoja mtu mzima nilimtaka ahesabu kurudi nyuma kutoka mia, akipunguza saba saba. Akanijibu kwamba hata kabla ya ajali hakuwa akiweza, kwa hiyo tusiisingizie pikipiki.

Kisha ukaingia wewe, namba arobaini na moja. Msimamizi wetu, binti mwenye sauti ndogo na daftari kubwa, alikuwa ametuonya tangu mwanzo kwamba mgonjwa unayemjua humpimi, unampeleka kwake. Nilitia sahihi. Lakini sisi tumechangia mama, si baba. Majina yetu hayafanani, na hakuna aliyeuliza. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba hata kwa ndugu yangu nitakuwa mkali.

Juzi shemeji aliniletea ujumbe kwamba daktari, kwa kuitazama hesabu yangu, amekuandikia cheti, na Jumatatu unarudi kuendesha basi la shule. Akaongeza kwa utani kwamba wiki hii umepotea njia mara mbili ukitoka dukani, labda unatafuta mke wa pili. Sikucheka.

Ndugu yangu, hukukumbuka maneno kumi na mawili. Ulikumbuka matatu: ndoo, daraja, kondoo. Halafu macho yako yakaja midomoni mwangu. Unakumbuka mama alivyokuwa akikuuliza hesabu za kuzidisha huku akikoroga sufuria, nami nimesimama nyuma yake nikiichezesha midomo bila sauti? Maneno ya nusu saa yalikuwa yamekutoka, lakini hilo la utotoni hukulisahau. Nami nikaichezesha. Tisa nilikupa mimi. Nikaandika kumi na mawili, kwa mwandiko mzuri. Ulitoka ukimwambia shemeji kwamba kichwa kiko timamu, na naamini ulikuwa umekwisha kusahau jinsi ulivyoyapata.

Jana niliwaambia ukweli msimamizi na mabingwa wote wawili. Nyundo akasema kwamba mwalimu akidanganya mara moja, mtihani mzima hurudiwa. Wagonjwa wote niliowapima mwaka huu wataitwa upya. Yule mama wa pikipiki atarudi, kwa magongo yake mawili. Ufunguo wa chumba nimeurudisha.

Cheti chako kimefutwa. Alhamisi, saa tatu asubuhi, utapimwa na yule binti. Midomo yake haichezi, usiitazame. Yapo mazoezi ya kumbukumbu kwa watu walioumia kama wewe, na ungeyaanza wiki sita zilizopita laiti ningeandika matatu. Wiki hizo nimekunyang'anya mimi, na siwezi kuzirudisha. Nikasirikie, lakini kaa mbali na usukani. Watoto wa watu arobaini hupanda basi lile.

Nisalimie majirani, na mwambie mtoto wa mwisho kwamba barua yake niliiona na makosa nimeyasahihisha.

Funguo za basi mpe shemeji sasa, kabla hujaikunja karatasi hii. Nawe shemeji, msomee tena kesho asubuhi, na keshokutwa, na kila asubuhi mpaka Alhamisi.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu