Dawa ya Jicho la Pili

2 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko kazini? Mimi sijambo, na leo si sijambo ya mdomoni. Anayeniandikia ni jirani yetu fundi viatu. Ukikuta herufi zimepinda, mcheke yeye.

Mtoto wa jicho ametolewa, jicho la kulia. Walipofungua bandeji, cha kwanza kuona ni mwanya wa muuguzi. Nimefika nyumbani nakuta utando wa buibui kila kona, na wewe ulivyokuja ukaniambia nyumba inang'aa! Mwongo mkubwa we. Natia matone kama nilivyoagizwa. Jicho hili likishatulia, watafanya la kushoto. Cherehani bado sijaigusa, nimekatazwa kuinama.

Mama yako

11 Machi

Shikamoo Mama,

Nimeisoma barua yako kwenye chumba cha kupigia pasi, nikalia mpaka wenzangu wakadhani nimefiwa. Nilipowaambia, tukacheka wote.

Jambo moja tu. Kama unaona vizuri, ya nini kumaliza chupa nzima? Ifunge vizuri uiweke, itafaa kwa jicho la pili. Na usihangaike kurudi kliniki safari yote ile wakati huumwi. Wale wanapenda tu kuita watu.

Mwanao

20 Aprili

Shikamoo Mama,

Mbona kimya? Mara ya pili hii naandika. Nimenunua kitambaa cha gauni, sitaki anishonee mwingine. Au umeanza kuringa kwa kuwa unaona?

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima. Nilikuwa nakawia kukuandikia, nikidhani litapona lenyewe.

Jicho liliwasha, likawa jekundu, kisha ukungu ukarudi. Fundi viatu ndiye aliyenikokota kliniki. Daktari anasema jicho limevimba ndani kwa kuwa niliacha matone mapema, na sukari yangu nayo imepanda. Ningerudi siku waliyonipangia, wangeliwahi. Aliuliza kwa ukali, "Nani alikwambia uache dawa?" Nikajibu ni mimi mwenyewe, ukaidi wa uzee. Fundi viatu, aliyenisomea barua yako, aliinama akaangalia viatu vyake.

Hilo la kushoto waliache. Pindo naweza kushona kwa kupapasa.

Mama yako

17 Mei

Shikamoo Mama,

Ni mimi, Mama. Si ukaidi wako, ni mdomo wangu. Nilijifanya daktari nikiwa nimeshika pasi. Nikikumbuka umejitwisha kosa langu mbele ya watu, natamani ungenitukana.

Nakuomba, usilikatae jicho la pili kwa sababu yangu. Nimeomba likizo, nakuja. Kisukari tutakifuata kwanza mpaka daktari aridhike, na matone nitakutia kwa mkono wangu mpaka chupa iishe. Halafu nitamwambia daktari ukweli.

Mwanao

30 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko kazini? Mwandiko huu mbaya ni wangu, fundi viatu sasa hana kazi. Tangu likizo yako iishe ukaondoka, nimejitia matone mwenyewe mpaka la mwisho, na kliniki nimekwenda siku yangu. La kushoto, walilolifanya ulipokuwa hapa, linaona mpaka naona aibu ya mishono yangu ya zamani. La kulia ni ukungu bado. Daktari anasema litapata nafuu kidogo, lakini halitakuwa kama hili.

Siku ile ulipomwambia ukweli ukalia mbele yake, nilikasirika. Nilikuwa nimeshakufichia, ukajifichua mwenyewe.

Jana nilizitoa barua zako nizisome mwenyewe. Nilipofika kwenye ile ya Machi, nikachukua mkasi wa kazi, nikakata yale maneno ya dawa, nikayatia jikoni yakaungua. Pale penye kulia na kucheka nimepaacha. Kwa hiyo barua ina tundu katikati. Nimeiweka kwenye jicho la kushoto, nikachungulia, nikaliona gauni lako limetundikwa mlangoni, limebaki vifungo tu.

Acha kulia sasa. Niambie, vifungo vyeupe au vyeusi? Naziona rangi zote mbili.

Mama yako