Mitungi Yenye Maandishi

Rejaf, Juba
4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Hujambo huko? Goti limekuachia kidogo? Mimi niko salama, ila jua la huku halina adabu. Shamba ninalosimamia limenyooka, na nyanya zetu zinagombaniwa soko la Custom.

Ngoja nikuchekeshe. Mitungi ya dawa ya kunyunyizia nyanya ikiisha, akina mama jirani wanaipigania! Walikaa kambi za wakimbizi Uganda miaka mingi, na huko mtungi wenye maandishi ulikuwa wa mashirika ya msaada, tena msafi. Usio na maandishi hawautaki. Kiden, jirani anayenipikia chakula cha mchana, amepata miwili ya kutekea maji. Sasa naitwa mtu wa watu.

Mwanao,
Isaiah

Kimilili
13 Machi 2024

Mwanangu Isaiah,

Goti ni lile lile, asante kuuliza. Lakini barua yako haikunichekesha hata kidogo. Wewe umelelewa na kahawa. Ulimwona baba yako akitoboa kila mtungi wa dawa kwa msumari kabla ya kuuzika. Ulidhani anacheza? Sumu ile haitoki kwa majivu wala mchanga. Na watoto wanakunywa humo! Pita nyumba kwa nyumba uirudishe mitungi yote. Usingoje Jumapili.

Mama yako

Rejaf
9 Aprili 2024

Mama,

Natumaini u mzima. Nisamehe kwa kunyamaza. Barua yako ilinifikia tarehe ishirini, nikaificha chini ya godoro. Nilimwambia meneja aliye juu yangu, akasema nikifungua mdomo nitafute kazi kwingine. Basi nikaufunga. Nikajiambia labda wanaiosha vizuri.

Juzi Kiden hakuleta chakula, nikaenda kwake. Kabla sijakaa akanipa maji, maana hapa mgeni hupokewa hivyo. Aliyamimina kutoka kwenye mtungi ule ule wa dawa. Bintiye Rejoice, wa miaka minne, alikuwa amelala mkekani, mate yanamtoka, mikono inatetemeka. Hospitalini walikuwa wamemtibu malaria mara mbili. Mama, nilishika kikombe nikashindwa kunywa.

"Kwani maji yangu iko mbaya?" Kiden akaniuliza, huku anacheka.

Nikamwambia yote, hata habari ya barua yako. Hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mgongoni, akasema, "Wewe twende. Utasema kwa daktari na mdomo yako."

Nilisema. Wakambadilishia dawa, na leo amekunywa uji. Meneja amenifukuza. Kiden haniangalii usoni. Mitungi mitatu tumeitoboa, lakini minane haijulikani iliko. Majirani wanasema mingine iliuzwa mtaa wa Hai Mauna. Nimeshindwa na aibu, Mama. Mwisho wa mwezi napanda basi, nakuja nyumbani.

Mwanao,
Isaiah

Kimilili
17 Aprili 2024

Isaiah mwanangu,

Sisi tu wazima. Namshukuru Mungu kwa huyo mtoto. Nimelia, sikufichi, na nimekukumbuka sana. Kitanda chako kipo.

Lakini hilo basi usilipande. Hamia huko Hai Mauna, lala hata kanisani, bisha kila mlango mpaka uupate mtungi wa nane. Ukija kabla ya hapo, sitakufungulia.

Mama yako