Siku ya Kuhesabu Nyumba

3 Machi

Mama, shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, kazi tu ndizo nyingi.

Jumatano watu wa halmashauri watakuja kuhesabu nyumba za mtaa wenu. Hapa ofisini mimi nachora ramani, naona mambo. Kule ng'ambo ya reli, kila mlango walioupiga namba ulivunjwa baada ya mwezi. Basi funga mlango, ushinde kwa mama mdogo. Usimwambie mtu, nitafukuzwa.

Mwanao

14 Machi

Marahaba, baba. Goti ndilo hilohilo, tumezoeana.

Nimefanya ulivyosema. Niliporudi, milango yote ina namba nyekundu, wangu mtupu. Fundi viatu wa jirani ananitania, eti nimekimbia wageni. Nilicheka naye, lakini moyo uliniuma. Miaka ishirini tunachangia ukuta mmoja, nami nimemnyamazia.

Mama yako

9 Juni

Mama, shikamoo. Sijui hata nikuulize nini kuhusu afya yako. Nakuandikia kwa aibu.

Ramani ya mtaa wenu imefika mezani kwangu. Wanajenga ghorofa za kodi nafuu, na wenye namba ndio watakaopewa vyumba. Asiye na namba hatambuliki. Sikuuliza, Mama, nilijifanya najua. Nimemwangukia bosi, akasema orodha imefungwa. Akaniuliza mama yangu alikuwa wapi siku ile, nikainamia ramani.

Nijibu, hata kwa kunitukana.

Mwanao

2 Agosti

Marahaba. Tumeamka salama, ila tingatinga lilipita mtaani Jumatatu. Niko kwa mama yako mdogo, nalala sebuleni, na kila asubuhi nakunja godoro kabla watoto hawajataka kupita.

Nilikasirika, sikufichi. Barua yako nilikaa nayo wiki tatu bila kuimaliza. Fundi viatu ameandikiwa chumba ghorofa ya pili, jengo likiisha. Alinitetea mbele ya maofisa, akasema mimi ni mkazi kuliko yeye. Wakamwambia akiendelea kubisha watamfuta na yeye. Akatulia. Ana wajukuu watatu, angefanya nini?

Wenzangu wananiuliza nilikwenda wapi siku ya kuhesabiwa. Nimewaambia nilisahau tarehe, ndio uzee. Wamenihurumia, wameamini.

Bosi wako akikuuliza tena, mwambie hivyohivyo.

Mama yako