Nguzo za Ngazi ya Mama

6 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya Mama umfikishie wewe, umsomee taratibu, kama alivyoelekeza yule mtaalamu wa matamshi. Nilifika salama, ila masikio yameganda kwa baridi ya huku. Mkono wake wa kulia uliopigwa na kiharusi unaendeleaje? Na mgongo wako je, au bado unasema ni uchovu tu?

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu. Juzi Mama alitaka kuniambia kitu, neno likamponyoka, akaanza kulia. Na mimi huku nikalia. Wewe ukabaki katikati umeshika simu, unasema "haloo, haloo" kama vile tatizo ni mtandao. Barua haimharakishi mtu. Akichoka unaikunja, kesho mnaendelea.

Kazini kamusi yetu ya maneno ya ujenzi iko herufi B, na leo nimekwama kwenye neno moja la Kiingereza: baluster. Ni zile nguzo fupi zinazojipanga pembeni ya ngazi kushikilia mkono wa kushikia. Mwenzangu wa meza ya pili anataka tuandike "nguzo" yaishe. Nikamwambia nguzo inabeba nyumba, inabeba nyaya za umeme, hizi zinabeba viganja vya watu tu. Wewe umekereza mbao tangu sijazaliwa. Karakanani mnaziitaje?

Nimemwacha Mama kwenye kile chumba cha chini anatazama dari. Bado anaitazama?

Binti yako


27 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba. Mgongo mzima, ni uchovu tu. Mama yako anakula vizuri, anatembea na mkongojo mpaka mlangoni na kurudi. Maneno ndiyo yanamchezea. Kijiko anakiita kiatu. Dirisha analiita Jumatano. Jana kaniita Sabuni. "Sabuni, njoo." Nikaenda. Katika ndoa yetu nimeitwa mengi, hili angalau ni safi.

Kuhusu swali lako: sisi wa mbao tunasema vijiti vya ngazi. Waashi wanaozimimina kwa zege wanasema chupa, na ukizitazama utaona hawajakosea sana. Mimi binafsi nilikuwa sijawahi kufikiria zina jina. Mteja huja akanyoosha kidole, akasema "zile".

Dari bado anaitazama, lakini si kwa kukata tamaa kama tulivyodhani. Anatazama juu kwa sababu anataka kwenda juu! Cherehani yake iko huko, kitanda chetu kiko huko. Hapa chini namletea vumbi na kelele za mashine mchana kutwa. Kanionyesha ngazi kwa kidole cha kushoto mpaka nikaelewa.

Daktari anasema akiwa na pa kushika kupanda na kushuka, na mtu nyuma yake, aruhusiwe. Sasa ile ngazi yetu unaijua, ina bomba moja la chuma upande wa wazi, nalo linacheza kama jino bovu. Kupanda, mkono wake mzima uko upande huo. Kushuka, uko upande wa ukuta, na ukutani hakuna kitu. Nimeamua kung'oa bomba, nitengeneze ngazi yenye mikono miwili: mmoja ukutani, mwingine juu ya hizo chupa zako.

Nimekereza ya kwanza. Imenyooka, safi, haina mbwembwe. Nikampa aishike. Akaipapasa juu mpaka chini, akanirudishia.

"Jela," akasema.

Nikadhani amekosea neno tena. Akanitazama usoni, akarudia: "Jela." Hakukosea.

Baba yako


15 Machi

Baba yangu,

Shikamoo wewe, shikamoo yeye. Nimecheka kwenye basi mpaka abiria wa pembeni akahamia kiti kingine. Mwambie Mama nimeiona hiyo jela hata bila picha.

Nina habari kwa ajili yenu. Nimelifuatilia lile neno nyuma kabisa, lilikotoka. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, Wafaransa kwa Waitaliano, Waitaliano wakalipata kwenye Kilatini, na Kilatini kililitoa kwenye Kigiriki. Huko kwa Wagiriki unajua lilikuwa na maana gani? Ua la komamanga. Kweli, Baba! Kuna fundi wa zamani alitazama tumba la ua hilo kabla halijafunguka sawasawa, akaona tumbo, akaona shingo, akaona mdomo unavyotanuka, akaenda kukereza nguzo yenye umbo hilo. Nguzo ikapewa jina la ua. Baadaye hata zilizonyooka kama yako zikaitwa hivyo hivyo, watu walishasahau ua.

Na hili msomee Mama peke yake, mara mbili. Huko Uingereza watu wa kawaida lile neno liliwashinda ulimi. Badala ya baluster wakawa wanasema banister. Wenye elimu wakakemea: si neno hilo, ni la wasiojua. Watu wakaendelea kulisema, kwa sababu walikuwa wanapanda ngazi, hawana muda. Leo limo kwenye kamusi zote, na wengi wakilitaja wanamaanisha nguzo zote pamoja na mkono wake. Yaani walikosea mpaka ikawa sahihi. Kwa hiyo dirisha likiitwa Jumatano, mimi sina ugomvi.

Baba, naomba uniambie ukweli. Nije? Mkuu wangu atanuna, lakini kununa hakuui.

Binti yako


2 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko wazima. Sijapata jibu. Simu yako inaita mpaka inakata, halafu unanitumia "tuko salama, nitaandika". Salama gani hiyo ya maneno matatu? Mimi nakujua. Ukiwa na habari njema unapiga kelele.

Mama yuko wapi? Niandikie hata mstari mmoja. La sivyo mtaniona mlangoni na begi.

Binti yako


20 Mei

Kasuku wangu,

Marahaba, na pole sana. Kaa kwenye kiti usome. Mama yako yupo, mzima, amekaa hapa pembeni anahakikisha naandika.

Mwezi wa tatu mwishoni niling'oa bomba la zamani ili nipime. Nilienda dukani kununua skrubu. Niliporudi nilimkuta chini ya ngazi, mkongojo huku, kiatu kule. Alitaka kujaribu peke yake. Hakuvunjika kitu, mguu ulivimba tu. Lakini aliogopa, mwanangu. Akanyamaza. Hata Sabuni sikuitwa tena. Na mimi niliogopa zaidi yake, nikafunika mashine kwa turubai, nikajiambia basi, tutaishi chini, chini pia ni nyumbani. Barua yako ilikuwa imefika siku hizo hizo. Niliiweka bila kuifungua. Ningekuandikia nini?

Ile ya pili ya begi ndiyo iliyonishtua. Nikazifungua zote mbili, nikamsomea. Kwenye ua la komamanga alikuwa ananisikiliza tu, uso hauna kitu. Nilipofika kwa wale Waingereza waliokosea mpaka ikawa sahihi, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Akacheka mpaka akakohoa, akanishika mkono, akasema, "Soma."

Nikasoma tena. Akasema, "Soma." Sauti ilinikauka, Kasuku.

Kesho yake nikaenda kwa muuguzi wa nyumba ya kona, ana mkomamanga kando ya geti. Nikamweleza nataka maua yasiyofunguka. Akaniuliza kama ni dawa. Nikamwambia ni ngazi. Alinitazama sana, lakini kijitawi alikata.

Mama yako akalishika tumba moja kwa mkono wa kushoto, akalifumba kiganjani. Nikatoa turubai, nikafunga mbao mpya kwenye mashine. Akakataa kurudi ndani. Akakaa kwenye kigoda na kitambaa puani, akasimamia. Kila nikizima mashine alinyoosha mkono, akapapasa, akatoa hukumu. "Nene." Nakata. "Hapana." Nakata. "Kiuno." Kiuno kipi tena? Akaniminya ubavuni kama anavyowaminya wateja wake akiwapima nguo: "Kiuno, hapa!" Nikaingiza patasi pale pale. Akapapasa kwa mara ya mwisho, akaegemeza shavu kwenye ile mbao, akafumba macho.

Tumeendelea hivyo kila siku. Maneno yanarudi kupitia mbao: juu, chini, laini, mbaya, punguza. Lile la mbaya analipenda.

Umeuliza kama uje. Nilimsomea hapo pia. Akatikisa kichwa kwa nguvu. Ilituchukua muda kumwelewa. Hataki umkute chini. Mara ya mwisho ulimwacha amelala, anataka safari hii umkute amepanda. Mvumilie, na univumilie mimi niliyenyamaza.

Baba yako


11 Juni

Baba na Mama,

Shikamooni wote wawili. Baba, nimekasirika, halafu nimesoma tena, sijakasirika. Lakini ukinyamaza tena hivyo nitakuja na kamusi nzima nikupige nayo.

Jana tulifunga ukurasa. Tumeandika "nguzo ya ngazi", na chini yake "kijiti" na "chupa", maneno ya mafundi. Ua limepata mstari wake. Mwenzangu wa meza ya pili alipinga, akasema kamusi si bustani. Nikamsomea habari ya kiuno. Akatoka nje, aliporudi macho mekundu, akasema andika unavyotaka.

Mama, sitakuja mpaka uniite. Lakini usikawie. Nakaa kwenye chumba ambacho hakuna mtu anayeniambia nywele zangu ziko vibaya.

Binti yenu


9 Agosti

Mwanangu

Naandika mimi. Mkono wa kushoto. Herufi zimelewa, samehe.

Nimepanda mlima. Si mlima. Ngazi. Nimepanda ngazi. Baba yako nyuma, mikono wazi kama kipa. Nilimwambia, usinishike, shika pumzi. Nikashika kijiti kimoja, nikashika kingine. Laini. Katikati nikapumzika. Yeye ndiye aliyekuwa anahema.

Juu kuna vumbi! Shuka zilezile tangu niugue. Mwanamume huyu.

Sasa nashuka na kupanda, ukutani, penye nguzo, sihesabu. Nikilala namsikia anakoroma, nafurahi. Usimwambie.

Cherehani nimeifuta. Mkono mmoja unasukuma kitambaa, ule mwingine unakaa juu yake kama jiwe, unasaidia. Nimeshona mto. Umepinda. Baba yako anaulalia.

Nataka kukushonea gauni. Bluu. Kitambaa kipo. Usiniandikie vipimo, umekonda, najua, na utadanganya.

Njoo nikupime mwenyewe.

Mama