Sura za Maboga ya Mama Mbuyi

Kabange, mujukuu wangu,

Uko salama huko mbali? Sisi hapa Kapata tuko. Nkambo yako mwanaume anakohoa tu kidogo. Unauliza kama zamani tulipaka maboga sura bila kukata, vile munafanya ku masomo.

Tulipaka. Boga yenye haikatwe inakaa miezi, na ni chakula. Mama yako, akiwa mutoto, na batoto ba jirani yetu, Mama Mbuyi, balichora macho kwa makala na midomo kwa udongo mwekundu. Kisha bakakataa kula boga yenye inabaangalia!

Ule mwaka batu benye bazazi babo balitoka Kasai, kama Mama Mbuyi, bakaanza kufukuzwa. Kaka zangu wenyewe balipiga kelele barabarani: "Murudie kwenu!" Asubuhi ya kwenda gare kupanda treni, Mama Mbuyi, mwenye alizaliwa hapa hapa Kapata, akaniletea maboga yabo yote. Akapangusa sura moja moja kwa kitambaa cha maji.

"Sasa batoto bako batakula," akasema.

Mi nikayapokea. Mpaka leo sielewi: kati yetu sisi wawili, nani alikuwa wa kuhurumiwa?

Mama Mbuyi na batoto bake balipokunja kona, mama yako akachukua makala, akarudisha sura zote. "Mama, bakirudia, batajuaje yabo?"

Njaa ilikuwa ndani ya nyumba, na kisu kilikuwa tayari mkononi. Nikakirudisha jikoni.

Nkambo yako, mwenye angali anajiuliza.